Pipa la Kuogea la Wajapani wa Kihesa

Sisi tuliokwenda sekondari na sanduku la bati lenye kufuli kubwa kuliko mali iliyokuwa ndani yake tunajuana hata leo. Tukikutana msibani au harusini hatuchukui muda kuulizana: ulilala bweni gani, mlikuwa mnatoa wadudu kwenye maharage au mlikula nao, nani alikuwa mpiga kengele wenu. Mimi nikiulizwa habari za bweni hucheka kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya kidato cha kwanza sikulala bwenini. Nililala Kihesa, mjini Iringa, katika nyumba ya familia ya Kijapani, na wiki ya kwanza nililala nikiwa na hakika kwamba wataniua.

Naomba nieleze kwa mpangilio, maana hofu isipoelezwa kwa mpangilio huonekana upuuzi.

Kwetu tulikuwa watu wa ng'ombe. Baba alitoka Usukumani na mifugo yake kabla sijajua kutembea, akajenga boma katika bonde la Usangu, mkoa wa Mbeya, ambako majani yalikuwa marefu na majirani wachache. Nakumbuka asubuhi za pale: harufu ya zizi lililolowa umande, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa iliyochemshwa na karanga, maziwa ya mgando yakimiminwa kutoka kwenye kibuyu yakigoma kutoka halafu yakitoka yote kwa mara moja. Tulicheza mdako kwa kokoto za mtoni na rede kwa mpira wa matambara mpaka mama aite mara ya tatu. Mara ya nne haikuwa ya kuita.

Nilipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza nilikuwa msichana wa kwanza kutoka kitongoji chetu. Wazee walikuja kumuuliza baba kama ana akili timamu. Baba aliwasikiliza wote, akawakaribisha maziwa, na walipoondoka akaniita pale kwenye lango la zizi. Alisema maneno machache, kama kawaida yake. "Kabula, nenda. Lakini ukirudishwa usiniletee sababu. Sitauliza. Nitajua tu kwamba umerudi, na mambo ya shule yameisha."

Nilisafiri na maneno hayo kwenye basi. Pale Nyololo dereva alisimama watu wanunue viazi vya kuchemsha, na nilipofungua dirisha baridi ya Mufindi ikaniingia mpaka mifupani. Nilikuwa na gauni moja zito na kanga ya mama. Nikajiambia kwamba hata nikiganda, sirudi.

Shule ilikuwa kama shule zote za wakati ule. Tuliamka gizani, tukafagia, tukalima bustani ya shule, ndipo tukaingia darasani na matope kwenye kucha. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa Tusekile, Mnyakyusa wa Tukuyu, msichana mwenye sauti ya kupasua bati, aliyeweza kula, kucheka na kukusengenya kwa wakati mmoja. Aliniita Msukuma tangu siku ya kwanza na akadai kwamba kwetu tunaoga mto mmoja na ng'ombe, tena ng'ombe wakitangulia. Nami nilimwambia kwao mvua hainyamazi mpaka watu wanaota ukungu. Tukapendana.

Mwezi wa nne upepo wa mvua ulizoa bati za bweni letu, ukazitupa hadi kwenye shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia, lakini wasichana wa kidato cha kwanza hatukuwa na pa kulala. Mkuu wa Shule, mama wa Kibena mrefu, mkali, aliyetembea na rula ndefu bila kuitumia mara nyingi, akatafuta familia za jirani za kutupokea mpaka paa lirudishwe. Alitusomea majina mstarini asubuhi. Fulani kwa mwalimu fulani. Fulani na fulani kwa mfanyabiashara Mwislamu wa kule sokoni. Tusekile kwa karani wa posta. Kisha akasoma: Kabula, kwa Bwana Okada, Mjapani, mtaalamu wa mpunga.

Mstari mzima uligeuka kunitazama.

Mkuu wa Shule akafunga daftari lake na kutoa sharti, moja tu. "Nyumba uliyopangiwa ndiyo bweni lako. Atakayetoroka nyumba ametoroka shule. Achukue sanduku lake aende kwao."

Lazima niwakumbushe wa rika langu, na niwaeleze wadogo, hali ya Iringa ilivyokuwa. Enzi hizo watu walikuwa wakiogopa chinjachinja. Hao walikuwa watu waliosemekana kukamata wenzao na kuwanyonya damu ili wakaiuze. Pwani waliitwa mumiani. Hakuna aliyewahi kuwaona, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyekoswakoswa. Ilisemwa kwamba wana Landrova, na kwamba ni wageni wenye msaidizi mmoja wa hapahapa. Bwana Okada alikuwa na Landrova. Alikuwa mgeni kuliko wageni wote tuliowahi kuwaona. Na msaidizi alikuwa naye, mzee wa Kihehe aliyeitwa Mzee Kikoti, aliyemtunzia bustani na kumpasulia kuni.

Wakati wa mapumziko Tusekile alinikalisha kwenye ngazi, akanieleza utaratibu wa chinjachinja huku akimenya ndizi. Kwanza wanakulisha sana ili damu iongezeke. Halafu wanakupima. Halafu wanachemsha maji kwenye pipa kubwa na kukuweka humo mishipa ilegee, ndipo damu itoke vizuri.

Nikamuuliza nani alimwambia. Akasema binamu yake wa Mafinga. Nikamuuliza binamu yake alimwona nani akifanyiwa hivyo.

"We Msukuma una maswali," akasema. "Angeona, angebaki mzima akaja kuniambia?"

Tangu utoto nimekuwa mtu wa kuuliza nani, lini na wapi, lakini hofu ina njia yake ya kujibu maswali yote kabla hujayauliza. Tukakubaliana hivi: nitaandika kila watakachonifanyia kwenye daftari, kwa siku. Nikiona hatari imekaribia, daftari atakaa nalo yeye. Siku nisipoonekana mstarini, atalikabidhi kwa Mkuu wa Shule, ili angalau baba ajue kwamba sikutoroka.

Nilihamia Jumanne. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, paa la bati jekundu, nyuma yake uzio wa matete. Bwana Okada alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani na shingo iliyoungua na jua la mashamba ya Pawaga. Alijua Kiswahili cha kujifunza kitabuni: alitafuta neno, akalipata, akalitua taratibu kama mtu anayepanga mayai. Mkewe tulimwita Mama Keiko, kwa jina la mtoto wao wa miaka sita. Kiswahili chake kilikuwa kidogo zaidi. Wote watatu walinipokea mlangoni, wakainama mbele yangu kwa pamoja, mara mbili. Sikuwa nimewahi kuinamiwa na mtu mzima. Kwetu mtoto ndiye anayepiga magoti. Nilipiga magoti palepale kwenye zege, nao wakainama tena, nami nikaona wananiaga.

Nikaandika. Jumanne: wamenivua viatu mlangoni na kuviweka kabatini, nisiweze kukimbia. Wamenipa wali bakuli mbili na yai zima. Kabla sijamaliza, mama mwenye nyumba ameongeza.

Jumatano: mama amenipima kwa futi ya fundi cherehani. Mabega, mikono, kifua. Mwisho amenipima shingo. Ameandika tarakimu kwenye karatasi, akamwonyesha mumewe, naye akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi: dirishani jikoni kuna chupa kubwa ya kioo. Ndani mna maji mekundu na vitu vidogo vyekundu vilivyojikunja. Bwana Okada anakula kimoja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Anafumba macho akikila.

Hayo ya chupa niliyaandika haraka hadi wino ukamwagika. Usiku ule nilijifunika gubigubi na kanga ya mama, nikasikiliza wanavyozungumza chini chini kwa lugha yao, nikisubiri kusikia jina langu. Nililisikia mara tatu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Mzee Kikoti nyuma ya nyumba akisugua pipa la mafuta, moja ya yale makubwa ya bati, kwa mchanga na majani makavu. Alikuwa ameliweka juu ya mawe matatu makubwa kama mafiga. Nilimwamkia, nikamuuliza ni la nini.

"Ya kesho hii," akasema. "Kila Jumamosi. Wiki iliyopita bomba ilikauka, wamekaa bila."

Nikauliza linapikia nini.

"Haipiki. Inaingia mtu." Akacheka, meno mawili, akaendelea kusugua.

Nikaandika mstari wa mwisho, kwamba kesho nitachemshwa, na mchana ule nikampa Tusekile daftari. Hakunitania. Alilivisha gazeti, akalificha kwenye sanduku lake, na akanipa nusu ya parachichi lake, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea.

Mtu atauliza kwa nini sikukimbia. Nilifikiri sana juu ya hilo. Njia ya kwenda stendi niliijua. Lakini kila nilipoona stendi kichwani niliona na lango la zizi, na baba asiyeuliza. Nikasema nikifa nitakuwa nimekufa mwanafunzi.

Jumamosi jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, Mzee Kikoti aliwasha moto. Siku hizo maji ya bomba yalitoka alfajiri tu, kwa muda wa saa moja au mbili, kisha yakakatika. Alikuwa ameyakinga ndoo kwa ndoo tangu kungali giza mpaka pipa likajaa. Moshi ulipopungua na makaa yakawa mekundu, Mama Keiko alinifuata chumbani na taulo jeupe, akanishika mkono. Bwana Okada alikuwa hajarudi kutoka mashambani. Keiko aliketi kwenye ngazi akitutazama.

Nyuma ya uzio kulikuwa na kigoda, beseni na sabuni. Mama Keiko alinionyesha kwa vitendo: hapa, jisugue, jisuuze. Halafu, humu. Akaweka mkono wake shingoni pake kuonyesha maji yafike wapi. Juu ya maji kulielea ubao wa mviringo. Niliona ni mfuniko. "Kabula kwanza," akasema, akatabasamu, akanishika bega, akatoka.

Nilibaki na pipa. Upande wa pili wa matete nilimsikia Mzee Kikoti akipasua kuni, pigo moja, kimya, pigo moja. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu na yeye alikuwa amesimama hapo. Nilijisugua polepole kuliko nilivyowahi kujisugua maishani. Nilijisuuza mara tatu. Maji ya beseni yakaisha, na baridi ya Iringa, wakati jua linapotua, haisubiri mtu afikiri. Nikakanyaga ubao, ukazama na mimi hadi chini, na hapo nikaelewa kwamba ni wa kukanyagia, usiungue miguu.

Maji yalinifika shingoni. Yalikuwa ya moto, lakini moto wa kuvumilika. Nilisubiri yachemke. Nilihesabu hadi mia, nikahesabu tena. Nilitazama mikono yangu kuona kama mishipa inalegea. Kilicholegea kilikuwa kitu kingine, na hata sasa nashindwa kukieleza vizuri. Tangu Januari, tangu Nyololo, sikuwahi kupata joto mwilini. Kwa mara ya kwanza vidole vya miguu vilikuwa vyangu. Nikaegemeza kichwa kwenye ukingo wa pipa na machozi yakanitoka, nikiwa bado na hofu, maana sikujua kama hivyo ndivyo damu inavyoanza kutoka.

Hapo nikasikia Landrova inaingia uani. Bwana Okada amerudi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa lote liko hapa. Nilitoka haraka, nikajifunga taulo, nikatazama nyuma. Pipa limejaa maji niliyoogea mimi. Mtu mzima, mwenye nyumba, anakuja kuoga. Kwetu, mtoto akimwachia baba maji aliyoogea, amemtukana. Hata bakuli la kunawia mikono, mtoto hatangulii, na akitangulia kwa bahati mbaya anamwaga na kuteka mengine. Nilikuwa nimetoka kuogopa kufa, na palepale nikaanza kuogopa kukosa adabu. Chini ya pipa, upande wa mtaro, kulikuwa na kizibo cha mti kilichovingirishwa kitambaa. Nikakishika kwa mikono miwili, nikakizungusha, nikakivuta.

Maji yalitoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Mengine yalikwenda kwenye mtaro, mengine yakaingia kwenye moto, ukalia, majivu na mvuke vikapanda juu ya uzio. Mzee Kikoti akaja mbio na shoka mkononi, nami nikajua kwamba sasa ndiyo saa yenyewe. Lakini yeye hakunitazama mimi. Alitazama mtaro.

"Wewe mwana, umefanya nini?"

Nikamwambia nimetoa uchafu wangu.

"Hii maji ni ya wote," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba ndoo tangu alfajiri. "Wote wanaingia humo humo. Wewe, halafu mzee, halafu mtoto na mama yake. Wiki mbili wanasubiri."

Sikumwamini. Watu wenye Landrova wanaoga maji ya mtu mwingine? Nikageuka, na Bwana Okada alikuwa amesimama kwenye uwazi wa uzio. Alikuwa na taulo dogo shingoni na tope la Pawaga hadi magotini, limekauka, limepasuka. Alitazama pipa. Alitazama moto uliozimika. Akanitazama mimi. Akasema neno moja kwa lugha yao, bila kulipaza, na Mama Keiko aliyekuwa nyuma yake akafunika mdomo kwa mkono, akaingia ndani.

Hakuna aliyenigombeza. Ningegombezwa ningejua pa kujiweka. Jumapili yote walinisemesha kwa sauti ya chini kuliko kawaida na kuniinamia zaidi, na Mama Keiko alikuwa na macho mekundu. Hofu ya chinjachinja iliisha jioni ile ya pipa, sijui iliondokea wapi. Ikaja nyingine kubwa zaidi. Niliona barua ya Mkuu wa Shule, niliona sanduku langu juu ya basi, niliona lango la zizi.

Jumatatu niliamka kabla ya bomba kufunguliwa. Nilichukua ndoo ya Mzee Kikoti nikaanza kujaza pipa. Nilipofika ndoo ya kumi na nane maji yakakatika na pipa halikuwa limejaa, na jua lilikuwa juu. Sikuwaza habari ya mstari hata kidogo. Nilikimbia hadi shuleni nikiwa nimelowa, na getini nikakutana na Tusekile uso umejaa machozi. Alinishika mashavu kwa mikono miwili.

"Uko hai," akasema. Halafu akaniachia. "Mungu wangu, Kabula. Nimeshampa daftari."

Nilipoingia ofisini Bwana Okada alikuwa ameshafika. Baadaye nilijua kwamba hakuitwa. Alikuja mwenyewe, akamkuta Mkuu wa Shule mlangoni na daftari langu mkononi. Alikuwa amevaa koti, amekalia ncha ya kiti, kifurushi cha karatasi magotini. Mkuu wa Shule hakunikaribisha kukaa. Alinipa daftari.

"Soma," akasema. "Kwa sauti. Mwenyewe yupo, asikie."

Nimesoma mambo mengi mbele ya watu tangu siku ile, lakini sijawahi kusoma kitu kizito kama kurasa zile mbili. Niliposoma habari ya viatu, Bwana Okada aliinua kidole taratibu, akaomba kusema. Alisema mkewe huvisafisha kila jioni, kwa sababu ya tope. Ilikuwa kweli. Kila asubuhi nilikuta viatu vyangu vimepigwa kiwi, na sikuwa nimeliandika hilo. Niliandika vilivyonitisha tu. Niliposoma habari ya shingo, alifungua kifurushi. Lilikuwa sweta la buluu, rangi ya shule yetu, lenye mkono mmoja tu. Wa pili ulikuwa bado haujafumwa. Niliposoma habari ya chupa, alisema ni tunda la kwao, lina chumvi, lina uchachu, na akiwa mbali na nyumbani haanzi siku vizuri bila hilo.

Niliposoma kwamba kesho nitachemshwa, nilimaliza kwa kunong'ona.

Mkuu wa Shule aliweka rula yake mezani. "Kwa maandishi haya," akasema, "leo hii ningekuandikia barua uende kwenu. Mtu amekupa chakula, amekupa kitanda, wewe umempa jina la muuaji. Na Jumamosi umewamwagia maji yao ya wiki mbili. Kwa nini?"

Nikapiga magoti na kusema ukweli, kwamba sikumwaga kwa hasira. Nilisikia gari la mzee, na kwetu mtoto hamwachii mkubwa maji machafu aliyoogea. Nilimwaga ili nisimtukane.

Mkuu wa Shule aliisogeza rula pembeni. Kisha akavua miwani. "Hata mimi ningemwaga," akasema, kana kwamba anajisemea. Akamgeukia Bwana Okada, akamweleza upya, polepole, neno kwa neno, mtoto ni nani katika nyumba zetu na maji ya mkubwa ni nini.

Nilikuwa nimemtazama mtu yule wiki nzima nikitafuta uso wa chinjachinja. Sasa uso wake ulijikunja, na nilidhani atakasirika. Alisimama. "Mke wangu," akasema, "analia siku mbili. Sisi tunafikiri, Kabula anaona maji ya nyumba yetu, mabaya. Anaona sisi, wachafu. Mimi nilikuja, kuomba radhi." Na akainama, chini kabisa, mbele ya mtoto wa kidato cha kwanza aliyelowa. Mimi nilikuwa tayari magotini, nikainama zaidi mpaka paji la uso likagusa sakafu. Naye akaona nimeshuka, akashuka tena.

"Inukeni nyote wawili," Mkuu wa Shule akasema, "kabla hamjagongana vichwa."

Lakini jambo lilikuwa halijaisha, na wote watatu tulilijua. Jumamosi ingerudi. Bwana Okada alieleza kwamba kwao mgeni huingia kwanza, maji yakiwa mapya. Kumweka mgeni nyuma ni aibu kwa nyumba. Nikasema kwetu mtoto hatangulii. Akasema anaelewa, lakini hawezi. Nikasema nami naelewa, lakini siwezi. Mkuu wa Shule alitazama huku na huku, na kwa jinsi alivyoshika kalamu niliona kwamba njia rahisi kwake ni kunihamisha, na hakukuwa na nyumba nyingine iliyobaki ila ya baba.

Nikasema, "Basi nisiwe mgeni."

Bwana Okada aliyatafuta maneno yale kichwani, akayapata. Akahesabu vidole, kwa uzito uleule wa mtu anayepanga mayai. "Baba. Keiko. Kabula. Mama." Akanitazama kuona kama nimekubali mahali pangu. Nikaitikia.

Mkuu wa Shule alinirudishia daftari. "Na hili uliandike," akasema. "Sasa toka, una hesabu saa mbili."

Sitasema kwamba Jumamosi iliyofuata sikuogopa. Kuingia katika maji aliyotoka baba wa watu, yakiwa bado na mvuke, kulitaka moyo kuliko ile mara ya kwanza. Keiko alinirushia maji usoni nikasahau. Tusekile naye alichukua mwezi mzima kuniamini, na kila Jumatatu alinikagua shingo mbele ya darasa na kuuliza kama wameniachia damu ya kutosha kufanyia mtihani. Sweta lilipata mkono wa pili. Tunda jekundu nilipewa siku moja nikalionja; lilikuwa na chumvi na uchachu mpaka nikafumba macho, na Bwana Okada akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Na paa la bweni liliporudishwa, mwezi wa kumi, nilifunga sanduku langu polepole sana, nikiwa na hofu ileile niliyoingia nayo, ila sasa nilikuwa naogopa kutoka.

Siku hizi nakaa Mbeya mjini na wajukuu wananitembelea likizo. Hawaogopi nchi za mbali. Japani wameiona kwenye simu, wanajua hata wanavyokula. Wanachoogopa ni chaji kuisha. Chinjachinja nikiwasimulia wanacheka, halafu jioni ileile wananisomea habari kwamba kuna watu wanaiba watoto kwa gari jeusi, nami nawauliza nani kaona, wapi, lini. Wananiambia, "Bibi, imetumwa na watu wengi."

Bafuni kwangu kuna hita. Mjukuu wangu mkubwa anajifungia humo kwa komeo, anaoga nusu saa, na maji ya moto ya nyumba nzima yanamshukia yeye peke yake. Juzi nilisimama mlangoni na taulo langu, nikamgongea, nikamwambia abakize maji.

"Ya nani, Bibi?" akaniuliza.